VUMBI LA MAWE NA MAPAFU YA WACHIMBAJI

Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi khabari ya vumbi. Najua wako watakaocheka wakisikia hivi, maana vumbi kila mtu analijua, na mama zetu hupigana nalo kila asubuhi kwa ufagio. Lakini liko vumbi la namna nyingine, lisilofagiliwa, na ndilo lililonileta mbele yenu.

Miaka michache iliyopita, alasiri moja, nalisikia mtu akipanda ngazi ya nyumba yetu huku Mji Mkongwe. Mnajua ngazi za nyumba zetu za mawe zilivyo, nyembamba na za kusimama wima. Huyu alipanda hatua nne, akapumzika; akapanda nne nyingine, akapumzika tena. Nikadhani ni mzee fulani ajaye kuuliza jambo la mjukuu wake. Alipofika mlangoni akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika marahaba, lakini sikumjua mpaka aliponitajia jina lake. Alikuwa mwanafunzi wangu, hodari wa kukimbia, ambaye siku za michezo hakuna aliyempita. Umri wake haukufika miaka 35.

Akanieleza khabari zake kidogo kidogo, kwa sababu pumzi haikumtosha kusema maneno mengi pamoja. Alipotoka shule alivuka kwenda bara, akafuata wenziwe hata Mererani, katika wilaya ya Simanjiro, yanakochimbwa mawe ya thamani yaitwayo tanzanaiti. Mawe hayo yalijulikana mwaka wa 1967, wala hayachimbwi mahali pengine duniani. Huko alikaa miaka 11, akiwa miongoni mwa wale vijana wanaoitwa wanaapolo. Kazi yake ilikuwa kushika mashine ya kutoboa mwamba. Akisha toboa, tundu hutiwa baruti, mwamba hupasuliwa, nao hushuka tena kutoa vifusi. Alirudi Unguja hana jiwe wala fedha, ila kikohozi.

Nyumbani kwao kila mtu alikuwa na dawa yake. Shangazi yake alisema kijana amerogwa na wale aliogombana nao kwa ajili ya shimo. Jirani alisema ni pumu. Alipokwenda kwa waganga wa hospitali akaambiwa ni kifua kikuu, akapewa dawa za miezi 6, akazimeza zote bila kuacha hata siku moja, na hili namsifu kwalo. Homa ikaondoka, jasho la usiku likakoma, akanenepa kidogo. Lakini pumzi haikurudi. Akaenda mara ya pili, na mara ya tatu, hata siku moja akakutana na daktari mmoja aliyemwuliza swali ambalo hakuna aliyepata kumwuliza tangu mwanzo: "Kazi yako ilikuwa nini?"

Swali hilo lina umri mkubwa. Mwaka wa 1700 tabibu mmoja wa Italia, jina lake Bernardino Ramazzini, alipiga chapa kitabu juu ya magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali, na humo akawashauri matabibu wenzake waongeze swali hilo juu ya yale waliyozoea kumwuliza mgonjwa. Na kabla yake, katika mwaka wa 1556, kilitoka kitabu cha Georgius Agricola wa Ujerumani juu ya kazi ya madini. Yeye aliandika kwamba katika milima ya Carpathian walikuwako wanawake walioolewa na waume saba, mmoja baada ya mmoja, na wote saba wakachukuliwa na ugonjwa wa mapafu kabla ya wakati wao. Basi watu wamelijua jambo hili kwa muda wa karibu miaka 500. Mwanafunzi wangu hakulijua, nami mwalimu wake sikumwambia.

Sasa na tuangalie vumbi lenyewe. Mnapokaa katika chumba chenye giza, na mwali wa jua ukipita katika tundu ya dirisha, mwaona chembe nyingi zikicheza ndani ya mwali. Hizo ndizo kubwa. Pua hushika nyingi, na zilizosalia hutolewa kwa kohozi. Zinazodhuru zaidi ni zile jicho lisizoziona. Unywele mmoja wa kichwa una unene wa kadiri ya sehemu 70, tukiigawa milimita moja katika sehemu 1,000. Chembe ya vumbi inayofika mwisho wa mapafu, katika vile vifuko vidogo ambamo hewa huingia katika damu, haizidi sana sehemu 5. Mtu aweza kuona hewa ya shimo ni safi, kumbe amezama ndani ya vumbi kama samaki katika maji.

Tena, mawe si mamoja. Liko jambo katika miamba mingi liitwalo silika. Msilichanganye na ile silika ya mtu, yaani tabia aliyozaliwa nayo. Majina yamefanana tu. Silika hii ndiyo inayofanya lile jiwe gumu, jeupe, lenye kung'aa kama kioo, ambalo wachimbaji wa dhahabu hulifuata kwa sababu dhahabu hupenda kukaa ndani yake. Likipasuliwa au kutobolewa, hutoa vumbi lenye kuchoma. Mwili una askari wake, chembe hai ndogo zinazomeza kila kigeni kinachoingia mapafuni. Askari akimeza chembe ya silika hufa, na chembe hutoka nzima, ikamezwa na askari wa pili, naye akafa. Mahali pa vita hivyo pafanyika kovu. Tazameni ngozi ya mtu aliyeungua moto: palipo kovu ngozi hainyooki tena wala haivutiki. Mapafu nayo yakijaa makovu hayafutuki. Ugonjwa huu madaktari huuita silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya. Na ubaya wake mwingine ni kwamba makovu yaweza kuendelea kukua hata baada ya mtu kuacha kazi.

Kwa desturi huja polepole, baada ya miaka 10 au 20 ya kuvuta vumbi. Vumbi likiwa jingi sana huja upesi, pengine baada ya miaka 5, na wako waliokufa baada ya miezi tu. Hapo mwanzo hakuna maumivu. Mtu hujiona mzima kabisa, na hiyo ndiyo sababu vijana hawasadiki wanapoambiwa.

Hapa sina budi kusema juu ya kisiwa chetu, maana najua wasikilizaji wa Jambiani na Makunduchi, na wa vijiji vingine vya uwanda, wanauliza: "Na sisi tunaopasua mawe?" Zamani darasani nalikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba vumbi lote la mawe ni moja. Nalikosea. Mawe ya Unguja ni ya matumbawe. Yaliumbwa baharini na wadudu wadogo wa bahari, na karibu yote ni asili ya chokaa. Ndiyo yaliyojenga Mji Mkongwe wetu, pamoja na chokaa iliyochomwa kwa kuni katika tanuu, na boriti za mikoko. Mji huo uliandikwa mwaka wa 2000 katika orodha ya urithi wa dunia. Vumbi la mawe hayo laweza kukohoza, laamsha pumu, na chokaa iliyochomwa yaunguza macho na ngozi. Moshi wa tanuu nao si rafiki wa kifua. Lakini halifanyi makovu yale kama lifanyavyo vumbi la silika. Mama anayekaa kando ya njia akigonga kokoto za matumbawe, na mtoto mgongoni, ana khatari zake, naye afadhali akae upande unakotoka upepo, anyunyize maji juu ya rundo lake, na mtoto amwache kwa bibi yake. Asije mtu akamtisha kwamba atakufa kwa ugonjwa wa Mererani.

Fundi wa mjini, je? Huyu ni lazima aangalie zaidi. Mchanga mwingi wa kujengea una silika, na saruji iliyochanganywa na mchanga huo, vigae vya sakafu, na mawe magumu yaletwayo kwa meli, yote yakikatwa makavu kwa msumeno wa umeme hutoa vumbi la khatari. Katika nchi ya Australia mafundi waliokata mawe ya kutengenezwa, yanayowekwa juu ya meza za jikoni, waliugua kwa wingi hata serikali ikayakataza mawe hayo kuanzia Julai 1, 2024. Mawe hayo yana silika kupita mawe mengi ya asili.

Turudi bara. Machimbo ya dhahabu ya watu wadogo yako Geita, Kahama, Chunya, na kwingine kwingi. Chunya ni machimbo ya zamani. Katika bonde la Lupa dhahabu ilijulikana katika miaka ya 1920, na watu wakamiminika huko kabla ya vita vya pili vya dunia. Mwaka wa 2015 ilitolewa khabari ya wataalamu waliopima hewa katika machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania. Kipimo walichokitumia ni kile kilichoshauriwa na wataalamu wa afya ya kazi wa serikali ya Marekani, yaani miligramu 0.05 ya silika katika kila mita moja ya ujazo ya hewa, kisipitwe. Ndani ya mashimo waliona kipimo kimepitwa zaidi ya mara 300. Juu ya ardhi, mahali pa kupondea na kusagia mawe, kilipitwa kadiri ya mara 4. Zingatieni hilo la juu ya ardhi. Mashimoni hushuka wanaume, lakini juu, karibu na zile mashine ambazo watu huziita karasha, wako wanawake wanaochambua mawe, na watoto waliowafuata mama zao. Kuna na zebaki inayotumiwa kukamatia dhahabu, lakini zebaki yataka jioni yake peke yake.

Huko Mererani kuna na kinywe, madini meusi yanayompaka mchimbaji mwili mzima hata akitoka shimoni huonekana macho na meno tu. Watu hulicheka vumbi hilo jeusi, au huliogopa, kwa sababu laonekana. Lisiloonekana ni silika iliyochanganyika nalo.

Sasa nieleze kwa nini waganga walikiona kifua kikuu katika mwanafunzi wangu, nao hawakukosea. Kijidudu cha kifua kikuu kiligunduliwa na Robert Koch mwaka wa 1882. Watu wengi wanacho mwilini nacho kimelala, kwa kuwa wale askari niliowataja wamekifungia. Silika ikiwaua askari, mlango wa gereza hufunguka. Ndiyo maana mchimbaji mwenye silikosisi hupatwa na kifua kikuu mara nyingi kuliko mtu mwingine, na akiwa na virusi vya Ukimwi pia, khatari hizo mbili hazijumlishwi, bali huzidishana. Khatari hiyo haikai shimoni. Mchimbaji hulala na wenzake kumi katika kibanda kimoja, hupanda basi, huvuka bahari, akafika kwa mama yake Unguja. Kifua kikuu huambukiza, na silikosisi haiambukizi. Kwa hiyo mtu aweza kuponywa kimoja akabaki na cha pili, kama alivyobaki huyu. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure bara na visiwani. Mwenye kukohoa wiki mbili na aende, wala asitibiwe kwa kombe peke yake. Na akienda, aseme kwa kinywa chake: nalichimba mawe, mahali fulani, miaka kadha. Asingoje kuulizwa. Iko hospitali ya Kibong'oto, upande wa Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka wa 1926 kwa ajili ya kifua kikuu, nayo imekwisha kuwatibu wachimbaji wengi wa Mererani.

Mtaniuliza: "Je, watu waache kuchimba?" Mimi siwezi kusema hivyo. Najua njaa, na najua kijana asiye na shamba wala mashua atakwenda panapo tumaini. Lakini liko jambo moja lililojulikana zamani, nalo ni maji. Mashine za kwanza za kutoboa mwamba kwa nguvu ya hewa zilitoboa kavu, na Marekani wachimbaji wakaziita jina lenye maana ya mfanya wajane. Mwisho wa karne ya 19 ilitengenezwa mashine inayopitisha maji ndani ya chuma chake mpaka kwenye ncha, na vumbi likageuka tope palepale lilipozaliwa. Tope halivutwi puani. Kulowesha mwamba kabla ya kuutoboa, kulowesha vifusi kabla ya kuvipiga beleshi, kumwaga maji katika karasha, hupunguza vumbi kwa kiasi kikubwa sana.

Wenye mashimo hujibu kwamba Simanjiro ni nchi kavu, na maji huletwa kwa gharama. Ni kweli. Lakini baruti nayo huletwa kwa gharama, na mafuta ya mashine pia, wala sijasikia shimo lililotobolewa bila hivyo kwa sababu ya uchumi.

Baada ya baruti kulipuka, watu wasishuke mpaka hewa ibadilike. Nao mara nyingi hushuka upesi, kila mmoja akiogopa mwenziwe asimtangulie kuona jiwe. Kitambaa cha kufunga puani, hata kikiwa na maji, hakizuii zile chembe ndogo; chamfariji tu aliyekifunga. Barakoa zenye kichujio cha kweli zipo, nazo husaidia, ila katika joto la shimo refu hazivumiliki muda mrefu, kwa hiyo maji ni kwanza na barakoa ni pili. Nguo za shimoni zisikung'utwe ndani ya nyumba. Tumbaku ni kumsaidia adui. Na mtu aliyekaa machimboni miaka kadha apigwe picha ya kifua, hata kama hajaanza kukohoa, maana kovu likionekana mapema aweza kuacha kazi ya vumbi akiwa bado na pumzi ya kufanyia kazi nyingine.

Limebaki jambo la haki, nami nitalisema waziwazi. Wanafunzi, mmesoma juu ya machimbo ya dhahabu ya Johannesburg. Watu wa Rungwe na sehemu nyingine za kusini mwa Tanganyika walikuwa wakienda huko kwa mkataba, kwa lile shirika lililoitwa Wenela, hata njia hiyo ikafungwa baada ya uhuru wa 1961. Kule Afrika ya Kusini sheria ya kuwalipa wachimbaji walioharibika mapafu ilikuwako tangu 1911 na 1912, na Waafrika walipata kidogo mno kuliko wazungu. Baada ya miaka mingi wachimbaji walishtaki. Mwaka wa 2018 makampuni sita yakakubali kulipa, na mahakama ikathibitisha mapatano hayo mwaka wa 2019, kiasi cha randi milioni 5,000 hivi. Lakini mapatano yawahusu waliofanya kazi baada ya Machi 12, 1965. Basi wale wazee wa Rungwe waliorudi na kikohozi kabla ya hapo hawamo, na wengi wao wamekwisha kuzikwa.

Kwetu ziko sheria za usalama na afya kazini, ya bara ya mwaka 2003 na ya Zanzibar ya 2005. Bara uko pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mfuko huo humlipa mfanyakazi, yaani mwenye mwajiri anayemchangia. Mwanaapolo ni nani? Desturi ya mashimo ni kwamba hana mshahara. Hupewa chakula, na shimo likitema, kama wasemavyo wenyewe, hupewa fungu lake. Lisipotema, amefanya kazi bure miaka. Mwenye shimo humwita mshirika wake. Kwa maoni yangu, mtu anayeamriwa saa ya kushuka na saa ya kupanda si mshirika, ni mtumishi, na ingefaa sheria imtazame hivyo kwa jina lake. Wakati wa kuligawa jiwe watu hukumbuka kwamba yeye ni mdogo, na wakati wa ugonjwa hukumbuka kwamba alikuwa mshirika.

Mwanafunzi wangu yule hakuja siku ile kuomba fedha. Alikuja nimwandikie barua kwa mwenye shimo, kwa kuwa alisema mwandiko wangu una adabu kuliko wake. Tuliiandika pamoja mezani. Alitaka nitaje miaka 11, na jina la mashine aliyoishika, na maneno ya daktari juu ya picha ya kifua chake. Hakutaka nitie neno la matusi, ijapokuwa mimi nalikuwa tayari kulitia. Tuliituma kwa njia ya posta, na nakala nikaiweka katika sanduku langu. Siku hizi anauza vitabu vya shule na kalamu karibu na Darajani, akiwa amekaa juu ya kiti. Nikipita huniuliza kama barua imejibiwa, nami humwambia bado.